Kuunda kichocheo cha hidrojeni kwa platini kidogo: hatua kwa hatua, kutoka maabara ndogo ya Mombasa

Sonara yeyote wa Mji wa Kale atakueleza tofauti ya mkufu wa dhahabu tupu na mkufu wa kuchovya, na atakueleza huku ametabasamu, kwa sababu anajua ni wateja wangapi walioletewa cha kuchovya wakauziwa kama tupu. Katika kazi yetu, ya kuunda kichocheo kinachoharakisha utoaji wa hidrojeni kutoka kwenye maji kwa umeme, mambo yamegeuka: kuchovya ndiyo ufundi wenyewe. Hidrojeni huzaliwa juu ya uso wa platini tu, na kila atomi iliyozikwa ndani ya chembe ni mali iliyolala. Tabaka moja la atomi za platini lililojipanga vizuri juu ya sentimita moja ya mraba lina atomi zipatazo 1.5 × 10^15, na uzito wake haufiki nusu ya mikrogramu moja. Kathodi (elektrodi hasi, inakotokea hidrojeni) nyingi zinazotumika katika mitambo ya kupasua maji kwa umeme hubeba mikrogramu mia kadhaa kwa eneo hilo hilo. Katika pengo hilo ndimo tunamofanyia kazi.

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye maabara ya kawaida: mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, kabati la kufyonza moshi, potenshostati moja (kifaa cha kudhibiti volti na kupima mkondo) hata kama ni ya zamani, na subira. Nitaeleza njia mbili, moja ya asidi na nyingine ya alkali, na katika zote mbili nitakuomba ufanye jambo moja ambalo wengi huliruka: kufungua daftari la hesabu ya platini, lenye safu ya iliyoingia, safu ya iliyofika kwenye elektrodi, na safu ya iliyobaki kwenye maji ya kuoshea na kwenye myeyusho. Bila daftari hilo, neno "platini kidogo" halina maana.

Hatua ya 1: Amua kwanza kama unafanya kazi ndani ya asidi au ndani ya alkali

Uamuzi huu hutangulia mengine yote, kwa kuwa platini ile ile huwa na tabia mbili tofauti. Ndani ya asidi, protoni zipo tayari. Protoni hupokea elektroni na kushika uso wa platini kama atomi ya hidrojeni, kisha atomi mbili hukutana, au atomi moja hukutana na protoni nyingine na elektroni, na gesi huondoka. Ubora wa platini ni kwamba haimshiki mgeni huyu kwa nguvu mno wala kwa ulegevu mno. Dhahabu humkaribisha kwa shingo upande, kwa hiyo hakai. Tungsteni humng'ang'ania, kwa hiyo haondoki. Platini inaijua methali ya mgeni siku mbili, na ya tatu mpe jembe. Mkemia wa Ufaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye ambaye kanuni hii ya kushika kwa kiasi imepewa jina lake, na Sergio Trasatti alipozipanga metali kwa kigezo hicho mwaka 1972 alipata mchoro wenye umbo la mlima, platini ikiwa karibu na kilele.

Ndani ya alkali hakuna protoni za kutosha, kwa hiyo ni lazima molekuli ya maji yenyewe ipasuliwe kwanza, na platini si hodari wa kupasua maji. Kasi yake hushuka takribani mara mia moja. Hapo platini inahitaji msaidizi anayeipasua molekuli ya maji na kuipa platini hidrojeni, na msaidizi aliyethibitishwa vizuri ni haidroksaidi ya nikeli. Kundi la watafiti wa maabara ya Argonne nchini Marekani lilionyesha mwaka 2011 kwamba visiwa vidogo vya haidroksaidi hiyo juu ya platini huongeza kasi mara kadhaa.

Maoni yangu, baada ya kufanya zote mbili, ni haya: ndani ya asidi si vigumu kupunguza platini ya kathodi, kwa kuwa mmenyuko ni wa haraka mno kiasi kwamba unaweza kushuka hadi mikrogramu 25 au 50 kwa sentimita ya mraba na upotezaji wa volti usionekane kwa urahisi. Kikwazo halisi cha gharama huko kipo upande wa pili, kwenye anodi (elektrodi chanya, inakotokea oksijeni), ambako iridiamu inahitajika. Ndani ya alkali ndiko ubunifu wa kichocheo unakolipa. Hata hivyo anza na asidi, kwa sababu ndiyo inayofundisha mikono.

Hatua ya 2: Chagua kibebeo

Platini kidogo haiwezi kusimama peke yake. Inahitaji kitu cha kuisambazia chembe zake, kinachopitisha umeme na kisicholiwa na myeyusho. Kwa asidi, kaboni nyeusi aina ya Vulcan XC-72, yenye eneo la takribani mita za mraba 250 kwa gramu, bado ndiyo kipimo cha kawaida. Kwa alkali natumia sponji ya nikeli, yaani nikeli yenye matundu mithili ya sponji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa inabeba platini na wakati huo huo inatengeneza msaidizi wake yenyewe.

Kila mwanafunzi wa Pwani aliyewahi kuingia maabara hii ameniuliza kuhusu makaa ya vifuu vya nazi, na nina wajibu wa kujibu kwa haki. Vifuu ni vingi sokoni Kongowea, na makaa yake yana eneo kubwa kuliko la Vulcan. Tatizo ni kwamba eneo hilo limo ndani ya vitundu vyembamba kuliko nanomita 2, na platini inayoingia humo hufungiwa mahali ambapo myeyusho haufiki vizuri na gesi haitoki. Tatizo la pili ni umeme: makaa ya tanuri la kawaida hayapitishi mkondo vizuri, na ni lazima yachomwe bila hewa kwa joto la nyuzi 900 au zaidi. La tatu ni majivu yenye potasiamu, ambayo huhitaji kuoshwa kwa asidi. Ukiyashinda hayo matatu, endelea. Ila usianze nayo, maana ukishindwa hutajua kama umeshindwa na platini au na kifuu.

Hatua ya 3: Andaa myeyusho mama wa platini, mara moja tu

Chumvi tunayotumia ni asidi ya kloroplatini yenye molekuli sita za maji, ambayo takribani asilimia 37.5 ya uzito wake ni platini. Chumvi hii hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Katika maabara ya nyanda za juu unaweza kuifungua na kuipima mara kadhaa. Hapa Mombasa, mwezi wa Aprili, nimeishuhudia ikigeuka kuwa uji wa rangi ya machungwa juu ya mizani kabla sijaandika tarakimu. Ukipima uji huo, nusu ya unachopima ni maji ya bahari yaliyopaa, na hesabu zako zote za baadaye zitakuwa na kasoro.

Kwa hiyo usiipime chumvi kabisa. Nunua chupa ya gramu 1 iliyofungwa kiwandani, ifungue mara moja, na uimimine na kuisuuza yote ndani ya chupa ya kipimo ya mililita 50 kwa maji safi yenye matone machache ya asidi ya haidrokloriki. Sasa kila mililita ina miligramu 20 za chumvi, sawa na miligramu 7.5 za platini, na tangu hapo utapima kwa pipeti. Andika tarehe, funga vizuri, ifunike isipigwe na mwanga. Vaa glavu na miwani na ufanye kazi ndani ya kabati la kufyonza moshi, kwa kuwa chumvi za kloroplatini husababisha mzio wa mapafu, na mtu akishaupata, hata kiasi kidogo sana humrudishia pumu yake.

Hatua ya 4: Pika platini juu ya kaboni

Lengo ni kichocheo chenye asilimia 5 ya platini, kulinganisha na asilimia 20 au 40 zinazouzwa kwa kawaida. Tutahitaji miligramu 190 za kaboni na miligramu 10 za platini, yaani mililita 1.33 za myeyusho mama.

Weka mililita 50 za ethilini glikoli ndani ya chupa ya mviringo, tia myeyusho mama, kisha ongeza sodiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa ndani ya glikoli hiyo hiyo hadi pH ipite 12. Pitisha gesi ya naitrojeni, koroga, na upandishe joto taratibu hadi nyuzi 140. Glikoli ndiyo inayoipa platini elektroni, na alkali ndiyo inayozuia chembe zisishikamane na kukua. Rangi itatoka njano hafifu, itapita kahawia, na kuishia kahawia nyeusi kama kahawa tungu. Usiharakishe joto. Ukilipandisha kwa ghafla chembe za mwanzo hukua huku nyingine zikizaliwa bado, nawe utapata mchanganyiko wa wakubwa na wadogo. Acha kwa saa 3, kisha ipoze.

Sasa ndipo kaboni inapoingia. Isambaze kwanza ndani ya glikoli kidogo kwa beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika 30, imimine juu ya platini, na ukoroge kwa muda. Halafu shusha pH polepole kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa mpaka iwe chini ya 3. Chembe za platini zilikuwa zikielea kwa sababu zilisukumana. Asidi huondoa msukumano huo, nazo hukimbilia kaboni na kujibanza. Koroga usiku kucha.

Chuja, na hapa ndipo daftari linapofunguliwa. Tazama maji yaliyochujwa. Yakiwa na rangi ya kahawia, chembe zimepita chujio. Yakiwa ya njano, chumvi haikugeuka yote. Hata yakionekana meupe usiyaamini: weka matone machache ndani ya bakuli dogo, ongeza tone la stanasi kloridi ndani ya asidi ya haidrokloriki, na usubiri. Platini iliyobaki hutoa rangi ya njano inayoelekea machungwa au wekundu. Ukiona rangi hiyo, basi kichocheo chako hakina asilimia 5, na ukiendelea kukiita hivyo utakuwa umefanya kosa lile lile la muuza mkufu. Ukiweza kupeleka sampuli kwenye maabara yenye chombo cha kupima metali, pima yale maji na pima pia kichocheo kilichoyeyushwa. Jumla ya viwili inapaswa kukaribia miligramu 10.

Osha kwa maji safi mpaka tone la silva naitreti lisilete tena ukungu mweupe ndani ya maji ya kuoshea. Kloridi iliyobaki hukaa juu ya platini ikiziba nafasi za hidrojeni. Kausha kwa nyuzi 80 usiku mmoja.

Hatua ya 5: Chovya nikeli

Njia hii ya alkali ni fupi na inapendeza. Kata kipande cha sponji ya nikeli cha sentimita 1 kwa 3. Kioshe kwa asetoni, kisha kiweke ndani ya asidi ya haidrokloriki ya mola 3 kwa dakika 10 ili kuondoa kutu yake isiyoonekana, na ukisuuze haraka. Usikiache hewani, kutu hurudi, na chumvi iliyo katika hewa yetu huisaidia irudi.

Zimua mililita 1 ya myeyusho mama hadi mililita 100. Kila mililita sasa ina mikrogramu 75 za platini. Chukua mililita 2, ongeza maji kiasi cha kufunika kipande, na ukitumbukize. Nikeli huyeyuka ikiachia elektroni, na platini huzipokea na kuganda mahali pale pale; kwa kila atomi ya platini inayoganda, atomi mbili za nikeli huondoka. Hakuna umeme wa nje unaohitajika. Mikrogramu 150 zikigawanywa kwa sentimita 3 za mraba ni mikrogramu 50 kwa kila moja, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, ikiwa platini yote itaganda. Acha kwa saa kadhaa, kisha pima kilichobaki kwa jaribio lile lile la stanasi kloridi.

Kishawishi ni kuongeza dozi. Ukiongeza, platini itajenga juu ya platini, uso wa nikeli utafunikwa, na msaidizi uliyekuwa unamtegemea atapotea. Ninapendelea kipande ambacho nikeli bado inaonekana kati ya visiwa vya platini. Kipande hiki kisiguse asidi tena, kwa sababu nikeli itaondoka chini ya platini kama mchanga chini ya nguzo za gati.

Hatua ya 6: Tengeneza wino

Kwa kichocheo cha kaboni, pima miligramu 5, weka maji mililita 0.75 kwanza, kisha isopropanoli mililita 0.23, kisha mikrolita 20 za Nafion (plastiki inayopitisha protoni, hapa ikiwa myeyusho) ya asilimia 5. Mpangilio huu si wa mapambo. Platini iliyokauka juu ya kaboni inaweza kuwasha mvuke wa alkoholi ikikutana nao hewani, kwa hiyo maji hutangulia, siku zote. Weka ndani ya beseni la mawimbi ya sauti kwa nusu saa, ukitia barafu ili maji yasipate moto.

Dondosha mikrolita 8 juu ya elektrodi ya kaboni ya kioo yenye kipenyo cha milimita 5. Eneo lake ni sentimita za mraba 0.196, kichocheo ni mikrogramu 40, na platini ni mikrogramu 2 tu, sawa na takribani mikrogramu 10 kwa sentimita ya mraba. Katika unyevu wetu tone hukauka polepole na kuacha duara jeusi pembeni, kama alama ya kikombe mezani, katikati pakiwa patupu. Geuza elektrodi juu chini kwenye mashine yake, iache izunguke mara 700 kwa dakika huku tone likikauka, na utapata utando ulio sawa.

Hatua ya 7: Jenga seli, na jihadhari na platini usiyoijua

Kwa asidi tumia asidi ya salfuriki ya mola 0.5, kwa alkali, potasiamu haidroksaidi ya mola 1, iliyohifadhiwa ndani ya chupa ya plastiki kwa kuwa alkali hula kioo. Maji yawe yaliyosafishwa kikamilifu, yenye ukinzani wa megaomu-sentimita 18.2. Maji ya bomba yanayofika kisiwani kutoka Mzima na Baricho hayafai hata yakichemshwa, na visima vingi vya hapa vina chumvi waziwazi. Kloridi ikifika kwenye anodi hugeuka kuwa klorini, na ikifika kwenye platini huisaidia kuyeyuka.

Neno hilo la mwisho lilinigharimu wiki mbili. Nilikuwa nimetengeneza kichocheo kisicho na platini hata kidogo, cha nikeli na tungsteni, na kila siku nilipokipima kilikuwa bora kuliko jana. Volti ya ziada, yaani ile inayohitajika kupita kiwango cha chini cha nadharia, ilishuka asubuhi, ikashuka jioni, na nikaanza kuandika ripoti. Elektrodi yangu ya upande wa pili ilikuwa waya wa platini. Kila mzunguko wa kipimo ulikuwa ukiyeyusha kidogo kutoka kwenye waya, kloridi iliyovuja kutoka kwenye elektrodi rejea (ile ya kulinganishia volti) ikiusaidia, na platini hiyo ilikuwa ikisafiri na kuganda juu ya kichocheo changu. Nilipobadilisha waya kwa fimbo ya grafiti na kuanza na kipande kipya, maajabu yalikwisha siku hiyo hiyo. Kama mikrogramu chache zilizosafiri bila kualikwa ziliweza kufanya hivyo, fikiria zingefanya nini kwa kichocheo chenye mikrogramu 2.

Basi tumia fimbo ya grafiti, ikiwa ndani ya chumba chake chenye utando kama inawezekana. Kwa rejea, tumia ya zebaki na oksaidi yake ndani ya alkali, na ya zebaki na salfeti ndani ya asidi, ili kloridi isiwepo kabisa. Usiiamini tarakimu iliyoandikwa kwenye kijitabu chake. Pitisha hidrojeni ndani ya myeyusho wako, tumbukiza waya safi wa platini kwa muda wa kipimo hiki tu, na utafute mahali mkondo unapovuka sifuri. Hapo ndipo sifuri yako. Kama ni lazima ukokotoe kwa pH, kumbuka kwamba vitabu vinatoa volti 0.059 kwa kila hatua ya pH kwa nyuzi 25, ilhali chumba changu kisicho na kiyoyozi huwa nyuzi 30, ambako thamani ni 0.060. Kwa pH 14 tofauti hiyo ni milivolti 14, na kuna watu wanaodai ushindi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Hatua ya 8: Pima, kwa mpangilio huu

Kwanza pima eneo halisi la platini. Ndani ya asidi iliyopitishiwa naitrojeni, zungusha volti kutoka 0.05 hadi 1.0 kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde mpaka mchoro utulie, kisha hesabu chaji ya hidrojeni inayoondoka kwenye uso, ukitoa ile ya kaboni yenyewe. Platini hubeba mikrokulombi 210 kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme umepata mikrokulombi 300: eneo ni sentimita za mraba 1.43, na kwa mikrogramu 2 hiyo ni takribani mita za mraba 71 kwa gramu. Chembe za mviringo zenye eneo hilo zina kipenyo cha karibu nanomita 4. Chembe za nanomita 2 zingekupa takribani 140. Kwa hiyo tarakimu hii moja hukuambia kama upishi wa Hatua ya 4 ulifaulu, hata kama hadubini ya elektroni iko mbali nawe.

Baadaye jaza hidrojeni, zungusha elektrodi mara 1600 kwa dakika, na ushushe volti polepole, milivolti 5 kwa sekunde. Rekebisha ukinzani wa myeyusho. Kwenye elektrodi ndogo ya asidi marekebisho ni kidogo, lakini kwenye sponji ya sentimita 1 ya mraba inayobeba miliampea 100, ukinzani wa omu 1.5 peke yake hula milivolti 150. Andika volti ya ziada kwenye miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, lakini usiishie hapo, kwa kuwa tarakimu hiyo humtuza anayerundika kichocheo kingi. Gawanya mkondo kwa mikrogramu za platini, kisha gawanya kwa eneo halisi ulilopima.

Kuhusu mteremko wa Tafel, yaani milivolti zinazohitajika ili mkondo uongezeke mara kumi: 120 huashiria kwamba kupokea hidrojeni ndiko kunakochelewesha, 40 ni kuondoka kwa njia ya protoni ya pili, na 30 ni kukutana kwa atomi mbili. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na hivyo ndivyo ripoti nyingi zinavyoandikwa. Ila platini ndani ya asidi ni ya haraka kiasi kwamba gesi iliyozalishwa haiwahi kuondoka karibu na uso, na hali hiyo peke yake hutoa mteremko wa 30 bila kujali kinachofanyika kwenye atomi. Ukipata 30 ndani ya asidi, usishangilie. Punguza wino kwa nusu na upime tena. Kama mkondo kwa mikrogramu umepanda, ulikuwa unapima msongamano wa gesi. Ndani ya alkali mmenyuko ni wa polepole, na mteremko unaaminika zaidi.

Hatua ya 9: Hakikisha gesi ni hidrojeni, na ni ya kutosha

Geuza bureti juu ya kathodi ya sponji, endesha miliampea 100 kwa dakika 10, na usome. Kwa nyuzi 30, usawa wa bahari, gesi kavu ingekuwa mililita 7.7; lakini kwa kuwa inakusanywa juu ya maji na kubeba mvuke wake, tarajia karibu 8.1, baada ya kulinganisha usawa wa maji ndani na nje. Ikipungua sana, tafuta mahali inapovuja au oksijeni inayorudi upande wa kathodi. Fungua dirisha: hidrojeni huwaka hewani kuanzia asilimia 4.

Hatua ya 10: Izime na uiwashe

Vipimo vingi vya uimara huendesha mkondo usiokatika kwa saa 24 au zaidi. Stima ya mtaa wetu haikunipa nafasi hiyo, na sasa nashukuru. Mkondo unapokatika ghafla, kathodi haibaki ilipokuwa. Volti yake hupanda, oksijeni iliyobaki upande wa pili husukuma mkondo wa kinyume, nikeli hubadilika, na platini huanza kuyeyuka. Kathodi iliyodumu siku tatu bila kuguswa inaweza kudhoofika kwa kuzimwa mara chache, na mtambo wowote utakaotegemea jua utazimwa kila jioni. Kwa hiyo panga saa 1 ya kuwasha na dakika 15 za kuzima, mizunguko 50 walau, na usome volti mwanzoni mwa kila mzunguko. Mwishoni rudia kipimo cha eneo kwa sampuli ya asidi, na upime platini iliyomo ndani ya myeyusho kwa sampuli zote mbili.

Tarakimu hiyo ya mwisho huingia kwenye safu ya tatu ya daftari. Karatasi za chujio, maji ya kuoshea, wino uliokauka na vipande vilivyochoka huwekwa ndani ya mtungi mmoja wenye lebo, hata kama kila kimoja kina mikrogramu chache, kwa kuwa gramu moja ya platini ni maelfu ya shilingi na mtungi hujaa polepole. Wangu una lebo ya mwaka juzi na umefika nusu.